Kuchovya Chuma katika Kromi

Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limechapwa ili wewe uliyesikiliza upate kulisoma tena polepole, na wewe uliyekosa nafasi ya kusikiliza usipitwe. Lisomeni kwa sauti mkiwa darasani. Msomaji mmoja akichoka, mwenzake aendelee. Mkikuta hesabu, simameni mzifanye pamoja kabla ya kwenda mbele.

Leo tutazungumza juu ya chuma king'aacho. Tazama usukani wa baiskeli mpya. Tazama koki ya bomba la maji, au bampa la gari la zamani, au zile nguzo mbili za shokapu za mbele za pikipiki. Vyote vinang'aa kama kioo, hata waweza kuuona uso wako. Lakini ule mng'ao si wa chuma chenyewe. Chuma kikiachwa wazi penye hewa na unyevu hushikwa na kutu, kikabadilika rangi, kikaliwa. Unachokiona kinang'aa ni ngozi nyembamba ya madini mengine, jina lake kromi, iliyowekwa juu kwa nguvu za umeme. Kazi hii twaweza kuiita kuchovya kromi, kama vile sonara asemavyo mkufu wa kuchovya dhahabu.

Wazee walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Leo tutaufungua mkakasi huu. Tutaona mambo matatu. La kwanza ni kile kilicho chini ya mng'ao. La pili ni jinsi mng'ao unavyowekwa. La tatu ni madhara yanayoweza kumpata fundi, na maji ya majirani zake, kazi hii ikifanywa ovyo. Jambo hili la tatu ndilo kubwa, lakini huwezi kulielewa vema bila kuyajua yale mawili ya kwanza.

SEHEMU YA KWANZA: KROMI NI KITU GANI?

Kromi ni madini kama vile shaba na zinki zilivyo madini. Hupatikana katika mawe meusi yaitwayo kromaiti, ambayo huchimbwa kwa wingi Afrika Kusini, na pia Zimbabwe, Uturuki, Kazakhstan na India. Aliyeitambua kwanza ni Mfaransa mmoja, mtaalamu wa kemia, Louis-Nicolas Vauquelin, mwaka 1797. Yeye hakuipata katika mawe meusi, bali katika mawe mekundu yaliyotoka Siberia, nchini Urusi. Aliona kwamba madini haya yakichanganyika na vitu vingine hutoa rangi nyingi: njano, nyekundu, kijani. Kwa hiyo yakapewa jina linalotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi. Ikumbuke habari hii ya rangi, maana tutaihitaji mwishoni tutakapozungumza juu ya maji.

Kromi ikiwa peke yake ni nyeupe, yenye dalili kidogo ya buluu. Ni ngumu sana. Nayo hailiwi na kutu kama chuma, kwa sababu inapokutana na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba usioonekana, na utando huo huikinga.

Huenda ukauliza: "Je, kijiko changu cha mezani kisichoshika kutu, nacho kimechovywa kromi?" Hapana. Kijiko hicho kimetengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromi tangu kilipokuwa kikiyeyushwa tanuruni, kiasi cha sehemu 11 katika kila sehemu 100, au zaidi. Ukikikwaruza, ndani ni vilevile kama nje. Lakini kitu kilichochovywa kina kromi juu tu. Ukikikwaruza sana, utafika kwenye chuma cha kawaida, na hapo kutu itaanza.

SEHEMU YA PILI: CHINI YA MNG'AO

Sasa tuchukue usukani wa baiskeli. Watu wengi hudhani kwamba juu ya chuma kuna kromi basi. Sivyo. Usukani uliotengenezwa vizuri una ngozi mbili. Juu ya chuma kuna ngozi ya nikeli, na juu ya nikeli ndipo palipo ngozi ya kromi. Mara nyingine huwekwa pia shaba chini ya nikeli.

Ngozi hizi ni nyembamba mno, hata rula ya shuleni haiwezi kuzipima. Kwa hiyo mafundi hutumia kipimo kiitwacho mikroni. Chukua milimita moja, ile nafasi ndogo kabisa katika rula yako. Igawe mara 1,000. Kila kipande ni mikroni moja. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, ingawa nywele za watu hazilingani.

Ngozi ya nikeli kwa kawaida ina unene wa mikroni 10 hadi 30. Ngozi ya kromi ya urembo ni nusu ya mikroni, au hata robo. Haya, fanyeni hesabu. Ikiwa ngozi moja ya kromi ni nusu ya mikroni, zipangwe ngozi ngapi hata zifikie unene wa unywele mmoja wa mikroni 70? Jibu ni 140. Je, ngapi zitafikia milimita moja? Jibu ni 2,000.

Basi jiulize: ngozi nyembamba kiasi hiki yawezaje kuzuia mvua na jasho la mikono? Kwa kweli peke yake haiwezi. Kromi ina vitundu na nyufa ndogo ndogo ambazo jicho halizioni, na maji hupenya humo. Kinachozuia maji yasifike kwenye chuma ni nikeli iliyo chini. Tena ni nikeli hiyo iliyolainishwa ambayo huleta ule mng'ao wa kioo. Lakini nikeli ikiachwa wazi hufifia na kuwa na umanjano. Kromi huifunika, ikaizuia isififie, na kuikinga na mikwaruzo. Kwa hiyo nikeli na kromi ni kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja: mmoja akiondoka, wa pili hauwezi.

Sasa unajua kwa nini usukani mmoja hudumu miaka kumi na mwingine hutoa vipele vya kutu kabla masika hayajaisha. Dukani vilikuwa sawa. Vyote viling'aa. Tofauti ilikuwa chini: mmoja uliwekwa nikeli ya kutosha, na mwingine uliwekwa kidogo ili uuzwe rahisi.

Linganisha na bati la nyumba. Bati limefunikwa kwa zinki. Zinki ina tabia ya kujitoa mhanga: ikikwaruzwa hata chuma kikaonekana, zinki iliyo kando huliwa kwanza, na chuma hupona kwa muda. Nikeli na kromi hazina tabia hiyo. Zenyewe zikipasuka, ni chuma kinacholiwa, tena kwa haraka, kutu ikienda chini kwa chini. Ndiyo sababu kromi iliyokatika huanza kubanduka kama ganda.

Unaponunua kitu kilichochovywa, usitazame mahali palipo wazi. Hapo kila kitu hung'aa. Tazama kwenye pembe za ndani, kwenye mashimo ya skrubu na kwenye maungio. Kromi haifiki kwa urahisi mahali palipojificha. Ukiona hapo pana weusi, ukungu wa njano au vipele, jua kwamba kazi ilifanywa kwa haraka. Ukiwa nacho nyumbani, kifute kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikaushe, hasa ukikaa pwani kwenye upepo wa chumvi. Usikisugue kwa waya wa kusugulia masufuria. Wala usikiguse kwa asidi ya kusafishia choo, maana asidi ya namna hiyo huiyeyusha kromi.

SEHEMU YA TATU: KROMI YA KAZI

Mpaka hapa tumesema juu ya kromi ya urembo. Kuna nyingine, nayo ni kromi ya kazi, au kromi ngumu. Hii haiwekwi ili kitu kipendeze. Huwekwa mahali ambapo chuma kinasuguana na kitu kingine mchana kutwa: kwenye fimbo za kunyanyulia jembe la trekta, kwenye mitambo ya kuchapia vitabu, kwenye ringi za pistoni katika injini, na kwenye nguzo za shokapu.

Kromi ngumu huwekwa moja kwa moja juu ya chuma, bila nikeli mara nyingi, nayo ni nene zaidi: kuanzia mikroni 10 hata mikroni mia kadhaa. Kasi ya kawaida ya kuiweka ni mikroni 25 hivi kwa saa moja. Fanyeni hesabu: fundi akitaka mikroni 100, atangoja saa ngapi? Atangoja saa 4. Akimaliza, atakisaga kile chuma kwa jiwe la mashine mpaka kipate kipimo chake kamili.

Dereva wa bodaboda anaijua kromi hii hata kama hajui jina lake. Nguzo za shokapu za mbele hupanda na kushuka ndani ya mpira unaozuia mafuta yasitoke. Nguzo ikiwa laini, mpira hudumu. Kromi ikiliwa, hutokea vishimo vya kutu, na vishimo hivyo huukata mpira kama kisu. Mafuta huvuja. Yakifika kwenye breki ya mbele, breki haishiki. Kumbe maisha ya dereva na abiria wake hutegemea ngozi isiyozidi unene wa nywele chache.

SEHEMU YA NNE: JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Sasa tuingie katika karakana. Kazi huenda kwa hatua, na hatua moja ikirukwa, zilizobaki zote ni bure.

Kwanza, kitu hulainishwa kwa msasa, kisha kwa gurudumu la kitambaa. Kromi haifichi mkwaruzo, huuonyesha zaidi.

Pili, huoshwa katika maji ya moto yenye dawa ya kutoa mafuta. Fundi hutambuaje kwamba mafuta yametoka yote? Humwagia maji safi. Maji yakitandaa juu ya chuma kama shuka moja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, kama umande juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta, hata kama jicho halioni kitu. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nawe waweza kulifanya nyumbani kwa sahani.

Tatu, hutiwa kwa muda mfupi katika asidi ili kutoa kutu. Kisha huoshwa tena kwa maji.

Nne, huingizwa katika birika la nikeli. Hapa ndipo umeme unapotumika. Si umeme kama ule wa nyumbani unaogeuka geuka, bali umeme uendao upande mmoja, kama wa betri ya tochi. Kitu kinachochovywa hufungwa upande wa hasi. Vipande vya nikeli huning'inizwa upande wa chanya. Umeme ukipita, nikeli huyeyuka polepole, hupita majini, na kuganda juu ya chuma.

Tano, kitu kikishaoshwa tena, huingizwa katika birika la kromi. Maji ya birika hili ni mekundu ya kuiva, yenye asidi ya kromi. Kwa kawaida lita moja ina gramu 250 za asidi hiyo ya unga, pamoja na gramu mbili na nusu tu za asidi ya salfa. Ukizidisha au ukipunguza asidi ya salfa, kazi huharibika. Mnamo miaka ya 1920 wataalamu wa Marekani, akiwemo Colin Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, walilichunguza jambo hili la vipimo, na baada ya hapo viwanda vikaanza kuchovya kromi kwa wingi. Muda si mrefu magari yakaanza kung'aa kwa kromi badala ya nikeli tupu.

Hapa sikilizeni vema, maana ndipo hatari inapoanzia. Katika birika la kromi, umeme mwingi hupotea. Katika kila sehemu 100 za umeme unaopita, sehemu 10 hadi 20 tu ndizo zinazoweka kromi juu ya chuma. Nyingi za zile zilizobaki huyapasua maji, yakawa gesi: haidrojeni upande mmoja, oksijeni upande wa pili. Gesi hizo hupanda juu kwa mapovu mengi.

Haidrojeni ina madhara mawili. La kwanza huingia katika chuma. Chuma kilichofanywa kigumu sana, kama springi, huinyonya gesi hiyo, nacho chaweza kuvunjika ghafla siku nyingine bila kupinda kwanza. Kwa hiyo chuma cha namna hiyo, kikishachovywa, huwekwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 190 au zaidi kwa saa kadhaa ili gesi itoke. La pili huingia katika mwili wa mtu, nalo ndilo tunaloliendea sasa.

SEHEMU YA TANO: UKUNGU WA BIRIKA

Umewahi kuweka uso wako karibu na bilauri ya soda iliyomiminwa sasa hivi? Unasikia vitone vidogo vikikurukia puani. Kila povu linapopasuka hurusha kitone. Birika la kromi hufanya vivyo hivyo, saa baada ya saa, lakini linachorusha ni vitone vya asidi ya kromi. Vitone hivyo ni vidogo sana, hukaa hewani kama ukungu, na mara nyingi huvioni. Aliye karibu huvuta pumzi, navyo huingia.

Kromi iliyo katika birika hilo siyo sawa na ile iliyo juu ya usukani. Wataalamu huiita kromi ya sita. Kromi ngumu iliyokwisha kukaa juu ya chuma haikudhuru ukiishika. Kromi ya sita ni sumu. Ikikaa juu ya ngozi iliyochubuka, hutoboa kidonda chenye shimo la duara. Ikikaa puani, hula ukuta wa kati wa pua mpaka utoboke. Na jambo baya ni hili: vidonda hivi mara nyingi haviumi sana mwanzoni. Mtu hudhani ni mafua tu, au mkwaruzo wa kazi, naye huendelea. Baada ya miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya mapafu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kromi ya sita katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Hatari hii si habari mpya. Mwaka 1928, kazi hii ikiwa bado changa, wataalamu wawili wa Marekani, Bloomfield na Blum, waliandika taarifa juu ya wafanyakazi wa kuchovya kromi na pua zao zilizodhurika. Mwaka 1931 Uingereza ilitunga kanuni maalumu za kuwalinda watu wa kazi hii. Maarifa yapo tangu zamani. Kilichobaki ni kuyafikisha kwa mtu anayesimama mbele ya birika.

Basi, ikiwa wewe, au kijana wako, ameitwa kufanya kazi katika karakana ya kuchovya, ingieni kwanza mtazame, kisha mwulize mwenye karakana maswali haya.

1. Je, kandokando ya birika kuna mashine ya kunyonya ukungu? Feni ya kupuliza haitoshi. Hiyo husambaza ukungu tu. Hewa yapasa kuvutwa kutoka juu ya birika, na kuchujwa kabla ya kutoka nje.

2. Je, juu ya maji ya birika kuna dawa ya kupunguza ukungu, au tufe za plastiki zinazoelea?

3. Je, mfanyakazi hupewa glavu ndefu za mpira, aproni, mabuti na miwani ya kufunika macho? Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii ukungu huu.

4. Je, kuna maji safi ya bomba karibu, na mahali pengine pa kulia chakula? Asile mtu, asinywe, wala asivute sigara karibu na birika. Na nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

5. Je, daktari au mganga hutazama mikono na pua za wafanyakazi mara kwa mara?

Ukijibiwa "hapana" kwa swali la kwanza, mshahara wowote utakaotajiwa ni mdogo. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Kwa Kenya ipo sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007. Kuuliza si utovu wa adabu.

Asidi ya kromi ikimrukia mtu mwilini, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiwa ni machoni, aoshwe kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali upesi. Msingoje kuona kama atapona.

Nawe fundi wa kuchomelea vyuma, jambo hili lakuhusu. Ukichomelea chuma kilichochovywa kromi bila kuiondoa kwanza, moshi wake waweza kuwa na kromi ya sita. Ondoa ngozi hiyo mahali pa kuchomelea kwa njia isiyotimua vumbi, fanya kazi mahali penye hewa, usisimame upande unakokwenda moshi.

SEHEMU YA SITA: MAJI YA JIRANI

Baada ya kila birika, kitu huoshwa. Yale maji ya kuoshea yanakwenda wapi? Tena birika likichakaa, maji yake mekundu yanamwagwa wapi?

Tufanye hesabu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na kromi zaidi ya miligramu 0.05. Lita moja ya maji ya birika, ile yenye gramu 250 za asidi ya kromi, ina gramu 130 za kromi yenyewe. Gramu 130 ni miligramu 130,000. Zigawe kwa 0.05. Utapata 2,600,000. Maana yake ni kwamba lita moja tu ya maji ya birika, ikimwagwa, inahitaji kuchanganywa na lita 2,600,000 za maji safi ndipo ifikie kile kipimo. Hizo ni ndoo 130,000 za lita 20. Niambie: kijito gani nyuma ya karakana kina maji hayo?

Sasa ikumbuke ile habari ya rangi. Kromi ya sita ikichanganyika na maji mengi huwa ya njano. Ukiona maji ya njano yanatoka karakanani kwenda mtaroni, usiyaguse, wala usiwaache watoto wayachezee. Lakini maji meupe nayo yasikudanganye. Njano ikififia machoni, kromi yaweza kuwa bado imezidi kipimo, na ni maabara tu inayoweza kukuambia.

Karakana yenye kufuata taratibu huyatibu maji hayo kabla ya kuyatoa. Hutiwa dawa inayobadilisha kromi ya sita kuwa kromi ya tatu, ambayo sumu yake ni ndogo sana ukilinganisha. Hapo rangi hugeuka kutoka njano kuwa kijani. Kisha hutiwa chokaa au dawa nyingine ya kuondoa asidi, na kromi hutuama chini kama tope la kijani. Tope hilo hukusanywa na kupelekwa mahali palipoidhinishwa, halitupwi shambani. Hii ni kazi ya wenye ujuzi na vipimo. Usiijaribu nyumbani. Ukiona maji yanamwagwa ovyo, mweleze mjumbe wa mtaa au afisa wa afya. Kwa Tanzania iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na taasisi ya serikali inayosimamia mazingira hupokea malalamiko ya namna hii.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Tangu miaka ya 1970 viwanda vimekuwa vikitumia birika la kromi ya tatu kwa kazi za urembo. Mng'ao wake hukaribia sana ule wa zamani, na hatari kwa fundi imepungua sana. Kwa kromi ngumu, kuibadilisha imekuwa vigumu zaidi, ingawa ziko njia nyingine, kama kunyunyiza madini kwa moto mkali. Mwaka 2017 kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kudai kibali maalumu kwa yeyote atumiaye asidi ya kromi. Mwaka 2023 jimbo la California, Marekani, lilipitisha ratiba ya kuiacha kromi ya sita: kazi za urembo kuanzia mwaka 2027, na kazi ngumu mwaka 2039.

Ndugu zangu, sikusema haya ili muache kupanda baiskeli zenye kung'aa, wala ili vijana wasijifunze ufundi huu. Ni ufundi wenye manufaa. Nguzo ya shokapu iliyochovywa vema huokoa maisha. Ninachotaka ni kwamba, kila mnapoona kitu king'aacho, mjiulize maswali mawili. Chini yake kuna nini? Na aliyekichovya, yu mzima?

MANENO YA KUJIFUNZA

Mikroni: sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000.
Birika: chombo kikubwa chenye maji ya dawa ambamo vyuma huchovywa.
Ukungu: vitone vidogo sana vya maji vinavyoelea hewani.
Kromi ya sita: kromi iliyo katika maji ya birika, yenye sumu kali.
Kutuama: kushuka chini na kutulia, kama tope majini.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini usukani wa baiskeli huwekwa nikeli kabla ya kromi?
2. Fundi hutumia jaribio gani kujua kwamba mafuta yote yametoka kwenye chuma?
3. Ikiwa kromi ngumu huwekwa kwa kasi ya mikroni 25 kwa saa, mikroni 150 zitachukua saa ngapi?
4. Eleza jinsi mapovu ya birika yanavyomdhuru mfanyakazi.
5. Andika barua fupi kwa afisa wa afya wa mahali penu. Mwambie kwamba umeona maji ya njano yakitoka karakanani, ukitaja mahali, siku na saa.

Barua ya swali la 5 isomwe mbele ya darasa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.